Higgs na masi: wa "kila kitu" na wa "asilimia 1", nani yuko karibu na ukweli?

Kuna ubishi mmoja kwenye fizikia ambao kila ukiibuka naona watu wanabishana kwa namba sahihi ila kwenye swali ambalo sio lenyewe. Upande mmoja unakwambia bosoni ya Higgs, ile chembe iliyogunduliwa mwaka 2012, ndo inayokipa kila kitu masi, wewe, jiwe, bahari, Jua, yani bila Higgs hakuna hata gramu moja ya kitu chochote. Upande wa pili, na hawa mara nyingi ni watu waliochimba zaidi, wanajibu kwamba hizo ni stori za magazeti, Higgs inachangia kama asilimia 1 tu ya masi ya vitu vya kawaida na ile 99 inatoka sehemu nyingine kabisa, kwa hiyo shangwe za mwaka 2012 zilizidi kipimo.

Mimi naona wote wameshika kipande. Na kuna swali la tatu ambalo kwangu ndo zito kuliko hayo mawili na halizungumzwi sana: hata pale ambapo Higgs inahusika kweli, je, imetueleza masi inatoka wapi, au imelihamisha swali kutoka sehemu moja kwenda nyingine? Jibu langu ni kwamba inategemea unaulizia chembe gani, kwa sababu kuna chembe ambazo tumeelezwa vizuri, kuna ambazo tumepewa maelezo nusu, na kuna ambazo bado tuko gizani.

Tuanze na tatizo lenyewe maana wengi wanarukia jibu kabla hawajajua swali lilikuwa nini. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wanafizikia walikuwa na nadharia nzuri mno ya sumakuumeme ambamo nguvu inabebwa na fotoni, yani chembe ya mwanga, na fotoni haina masi. Nadharia ile nguvu yake yote imesimama juu ya ulinganifu fulani wa kihesabu, yani unaweza kubadilisha kitu fulani kwenye mlinganyo, kila sehemu ya anga kivyake, na matokeo ya jaribio yasibadilike hata kidogo. Wakataka kutumia mtindo huohuo kwa nguvu dhaifu, ile inayofanya nyutroni igeuke protoni na inayosababisha aina fulani ya unururifu. Shida ikaja hapo. Nguvu dhaifu inafika umbali mfupi sana, mfupi hata kuliko upana wa protoni, na nguvu ya umbali mfupi namna hiyo inataka mbebaji mwenye masi kubwa. Ukiiandika hiyo masi moja kwa moja kwenye mlinganyo ulinganifu unavunjika, na ukipandisha nishati hesabu zinaanza kutoa majibu yasiyo na maana, kama vile uwezekano wa tukio kuzidi asilimia 100. Ukiacha kuiandika basi nguvu dhaifu inapaswa kufika mbali kama mwanga, kitu ambacho hakuna aliyekiona.

Njia ya kutokea ilitoka pembeni, kwenye metali ambazo zikipozwa sana zinapitisha umeme bila ukinzani wowote. Ndani ya metali hizo fotoni inafanya kama vile ina masi, ndo maana uga wa sumaku unashindwa kupenya zaidi ya ngozi ya juu. Philip Anderson, ambaye hakuwa mtu wa chembe bali wa fizikia ya vitu yabisi, alilionyesha hilo kwenye makala iliyotoka 1963 na akaashiria kwamba huenda ndo dawa ya tatizo la wale wa chembe. Mwaka uliofuata, 1964, makundi matatu yakafika palepale kila moja kwa njia yake: Robert Brout na François Englert kule Brussels, Peter Higgs akiwa peke yake Edinburgh, na Gerald Guralnik, Carl Hagen na Tom Kibble London.

Hapo kwa Higgs kuna kipande nakipenda sana. Makala yake ya pili ilikataliwa na jarida la Physics Letters ambalo uhariri wake ulikuwa CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa chembe, hukohuko Geneva ambako miaka 48 baadaye chembe yenyewe ingekuja kuonekana. Akaichukua, akaongeza maelezo mafupi mwishoni kwamba kama wazo hili ni kweli basi lazima iwepo pia chembe mpya yenye masi, akaituma Marekani kwenye jarida lingine ikachapishwa. Nyongeza ile ndo ikabeba jina lake, kwa sababu ndo iliyowapa watu wa majaribio kitu cha kutafuta.

Sasa wazo lenyewe ni lipi. Nyuga nyingi tunazozijua, kama wa sumaku, ukiondoa chanzo chake thamani yake inashuka mpaka sifuri, na hapo ndo nishati yake inakuwa ndogo kabisa. Uga wa Higgs, ambao bosoni ya Higgs ni kama wimbi dogo ndani yake, ni tofauti, wenyewe unatulia ukiwa na thamani ambayo sio sifuri, na thamani hiyo iko kila mahali, ndani ya kidole chako na katikati ya nyota na nyota ambako hakuna kitu. Wanafizikia wanapima nishati na masi za chembe kwa GeV, ambapo protoni moja ni karibu GeV 1, na GeV 1 ni MeV 1000. Thamani ya uga wa Higgs kwenye nafasi tupu ni kama GeV 246, na sio namba iliyosubiri mashine kubwa, inatoka kwenye ukali wa nguvu dhaifu ambao tulishaupima zamani. Chembe inayoingiliana na uga huo inakuwa na nishati hata ikiwa imetulia tuli bila kwenda popote, na nishati ya kitu kilichotulia ndo masi yake, E = mc² ileile ya siku zote.

Hapa watu wengi wanaleta mfano wa asali, kwamba chembe zinapita kwenye uga wa Higgs kama kijiko kwenye asali, inayokwama zaidi ndo nzito zaidi. Naomba tuuache huu mfano jamani, unafundisha kinyume cha fizikia. Asali inapunguza mwendo wa chochote kinachotembea ndani yake, kikiachwa kitasimama. Chembe yenye masi haifanyi hivo, ikishaanza kwenda inaendelea na mwendo uleule mpaka kitu kingine kiisukume au kiivute. Masi inapinga mwendo kubadilishwa, haipingi mwendo wenyewe. Mtu akiubeba mfano wa asali akilini anaishia kuuliza kwa nini sayari hazijasimama mpaka leo, na swali lake linakuwa na haki kabisa.

Haya, tuwasikilize wanaoitetea Higgs kwanza, na wana hoja nzito kweli. Steven Weinberg mwaka 1967 na Abdus Salam mwaka 1968, wakijenga juu ya kazi ya Sheldon Glashow ya 1961, walichukua wazo hili wakalitumia kuunganisha nguvu dhaifu na sumakuumeme. Nadharia yao haikuishia kusema kwamba wabebaji wa nguvu dhaifu, W na Z, watakuwa na masi na fotoni itabaki bila. Ilisema pia kwamba uwiano kati ya masi ya W na ya Z lazima ukubaliane na namba nyingine ambayo unaipata kwenye majaribio tofauti kabisa. Yani hakuna uhuru wa kuchezea. Mwaka 1971 Gerard 't Hooft akaonyesha kwamba hesabu za nadharia ya namna hii zinakaa sawa na hazilipuki, na mwaka 1983 CERN wakazikuta W na Z mahali zilipotarajiwa, leo tunajua W ni kama GeV 80.4 na Z ni GeV 91.2. Hicho ndo naita maelezo, kwa sababu nadharia ilijifunga yenyewe kabla ya kipimo na kipimo kikaikubali.

Na sio jambo la maabara tu. Hatua ya kwanza ya Jua kuwaka ni protoni mbili kugongana na moja wapo kugeuka nyutroni, na huko kugeuka lazima kupitie W. W ina masi kama mara 85 ya protoni kwa hiyo tukio hilo ni adimu kupita kiasi, protoni moja kule katikati ya Jua kwa wastani inasubiri mabilioni ya miaka mpaka zamu yake ifike. Ndo sababu Jua lina umri wa miaka bilioni 4.6 na bado lina mafuta ya kutosha. Mtu anayesema Higgs haina maana kwa maisha ya kawaida aanzie hapo.

Alafu ikaja tarehe 4 Julai 2012. Kwenye ukumbi wa CERN watu walipanga foleni usiku kucha ili wapate kiti, Joe Incandela akasimama kueleza matokeo ya kikundi cha CMS, Fabiola Gianotti akafuata na ya ATLAS, vikundi viwili vyenye mitambo tofauti na wachambuzi tofauti, na vyote vina kilima kidogo kwenye grafu palepale karibu na GeV 125. Kila kikundi kilifikia kiwango ambacho uwezekano wa kelele za bahati kutengeneza kilima kama kile ni takriban mara 1 kati ya milioni 3.5. Peter Higgs alikuwa amekaa mle ukumbini akiwa na miaka 83, akavua miwani akafuta machozi. Kumbuka chembe yenyewe hakuna aliyeiona moja kwa moja, inaishi muda mfupi mno, sehemu ndogo sana ya bilioni ya sekunde, inavunjika na wao wanahesabu vipande. Njia mojawapo iliyoitambulisha ni ya kuvunjika kuwa fotoni mbili, na hiyo inatokea mara 2 hivi tu katika kila bosoni 1000 za Higgs. Englert na Higgs wakapewa tuzo ya Nobel 2013, Brout hakuwahi kuiona siku hiyo maana alifariki 2011.

Kilichofuata baada ya 2012 kwangu kina uzito zaidi kuliko siku yenyewe ingawa hakikupata kelele. Nadharia inadai kwamba chembe yenye masi kubwa ndo inayoingiliana na Higgs kwa nguvu zaidi, na kwamba uhusiano huo unafuata kanuni moja kwa chembe zote. Hilo lingeweza kushindwa kirahisi. Mpaka 2018 vikundi vyote viwili vilikuwa vimethibitisha kwamba Higgs inaingiliana na kwaki (familia ya chembe ambazo baadhi yake zinajenga protoni na nyutroni) ya juu kabisa kwa masi, ile inayoitwa topu yenye GeV 173, na kwaki nyingine nzito inayoitwa b, na tau, ambayo ni ndugu mzito wa elektroni, na ukiziweka kwenye grafu moja pamoja na W na Z zinajipanga kwenye mstari. Myuoni nayo, ndugu mwingine wa elektroni ambaye ni mwepesi kuliko tau, ina ushahidi unaozidi kukua kwamba iko kwenye mstari huohuo. Kwa hiyo anayesema hii ni hadithi tu ya kutungwa akaiangalie hiyo grafu afu atuambie angeieleza vipi.

Twende kwa wa asilimia 1. Namba yao ni ya kweli na kila mtu anaweza kuihakiki. Protoni ina kwaki tatu za msingi, u mbili na d moja. Masi ya u ni kama MeV 2.2, ya d kama MeV 4.7, jumlisha unapata MeV 9 na kitu. Protoni nzima ni MeV 938. Kwa hiyo zaidi ya MeV 900 haziko kwenye masi za kwaki, ziko kwenye nishati ya kwaki zinazokimbia mle ndani karibu na kasi ya mwanga na nishati ya gluoni zinazozifunga pamoja. Na haya sio makisio, mwaka 2008 watafiti walikokotoa masi ya protoni na ndugu zake kwa kompyuta kubwa kutoka kwenye milinganyo ya nguvu kali, ile inayozifunga kwaki, moja kwa moja, na majibu yakakubaliana na vipimo kwa tofauti ya asilimia chache tu. Mtu wa kilo 70, sehemu inayotoka kwa kwaki zake tatu tatu haifiki hata kilo moja. Mtaalamu mkali atakwambia asilimia 1 inapunja kidogo, kwa sababu masi za kwaki zinaathiri pia ile nishati ya ndani na ukihesabu yote mchango unapanda kuwa asilimia kadhaa, ila hata hivo picha haibadiliki, sehemu kubwa ya masi yako sio ya Higgs.

Kwa hiyo ile sentensi ya "Higgs inakipa kila kitu masi" ni makosa, na inanisikitisha kwamba bado inafundishwa hivyo, kwa sababu inaficha mojawapo ya mambo ya ajabu kuliko yote, kwamba masi kubwa ya mwili wako ni nishati iliyofungiwa.

Lakini hitimisho lao ndo silikubali. Wanapima umuhimu kwa kilo, na ulimwengu hauendeshwi hivyo. Chukua elektroni, masi yake ni MeV 0.511, karibu sehemu 1 kati ya 1836 ya protoni, kwenye mizani haina chochote. Ila ukubwa wa atomi unaamuliwa na masi ya elektroni, ukiipunguza nusu atomi inakuwa mara mbili kwa upana, ukiifanya sifuri elektroni haishikwi na kiini kabisa na hakuna atomi, hakuna kemia, hakuna maji. Hiyo asilimia ndogo mno inabeba jengo lote.

Au chukua tofauti ya nyutroni na protoni, hii naipenda zaidi. Nyutroni ni MeV 939.6, protoni 938.3, tofauti MeV 1.3 tu. Protoni ina chaji ya umeme na nishati ya hiyo chaji peke yake ingeifanya iwe nzito kuliko nyutroni kwa kama MeV 1. Kinachogeuza matokeo ni kwamba kwaki d ni nzito kuliko u, na nyutroni ina d mbili, hiyo inaipandisha kwa kama MeV 2.5. Mahesabu ya kompyuta yaliyotoka 2015 yalizitenganisha hizo sehemu mbili vizuri kabisa. Sasa ondoa masi zinazotoka kwa Higgs: protoni inakuwa ndo nzito, inavunjika kuwa nyutroni, na haidrojeni haipo. Hakuna haidrojeni hakuna Jua kama hili. Yote hayo yanategemea tofauti ya MeV chache ambayo kwenye hoja ya asilimia inahesabika kama makombo. Ndo maana nasema wale jamaa wana namba sahihi ila wanajibu swali la mizani wakati lililoulizwa ni la kitu gani kinaporomoka ukikiondoa.

Tufike kwenye swali la tatu. Nimesema kwa W na Z tumepata maelezo. Kwa elektroni na kwaki hali ni nyingine. Nadharia inasema masi ya elektroni ni zao la thamani ya uga wa Higgs kuzidishwa na namba inayoonyesha elektroni inaingiliana na Higgs kwa kiasi gani. Ukiuliza hiyo namba inatoka wapi, jibu ni kwamba haitoki popote, tunapima masi ya elektroni maabara afu tunarudi nyuma tunaiandika. Na ni hivohivo kwa chembe zote tisa, kwaki sita pamoja na elektroni, myuoni na tau, kila moja na namba yake ya kupachika. Topu ina masi zaidi ya mara 300,000 ya elektroni na nadharia haina neno la kusema kwa nini. Hata chembe zinavyokuja kwa vizazi vitatu, kila kimoja kizito kuliko cha kabla, ni kitu tumekikuta tu.

Wakosoaji hapa wana haki kubwa kuliko wanayopewa. Wapo wanaosema hii ni kutoa jina jipya kwa ujinga wa zamani, ulikuwa na orodha ya masi tisa usizozielewa, sasa una orodha ya namba tisa za mwingiliano usizozielewa. Mimi sifiki huko, kwa sababu kabla ya Higgs usingeweza hata kuziandika masi hizo bila nadharia kubomoka, na kwa sababu ule mstari kwenye grafu ni utabiri wa kweli uliothibitishwa. Ila nakubali kabisa kwamba ni nusu ya maelezo.

Kinachonisaidia kufikiria hili ni historia ya zile metali zilizopozwa. Mwaka 1950 Vitaly Ginzburg na Lev Landau waliandika milinganyo iliyoeleza tabia zake vizuri sana kwa kutumia uga mmoja ambao haukujulikana umetengenezwa na nini, walichukulia tu kwamba upo na kwamba ukipozwa unatulia penye thamani isiyo sifuri. Miaka saba baadaye John Bardeen, Leon Cooper na Robert Schrieffer wakaonyesha kumbe uga ule ni elektroni zilizojipanga mbilimbili. Nadharia ya Higgs inafanana na ya Ginzburg na Landau kiasi cha kushangaza, uga upo, unatulia penye thamani isiyo sifuri, kwa nini unafanya hivyo umeandikwa tu kwenye mlinganyo kwa alama ya kutoa mahali pake. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 kuna watu wamejaribu kuijenga Higgs kutoka kwa chembe ndogo zaidi, wengine wakaja na chembe pacha kwa kila tunayoijua, na LHC, ile mashine ya CERN ya kugonganisha protoni iliyoipata Higgs, mpaka sasa haijaona dalili ya hizo. Inawezekana kabisa Higgs ni ya msingi na haina kitu ndani. Inawezekana pia tuko kwenye ile miaka saba, tofauti ni kwamba ya kwetu imerefuka.

Kuna jambo lingine ambalo wanaosherehekea huwa wanalipita haraka. Vitu vyote tunavyovishika vimetengenezwa na kwaki u, kwaki d na elektroni. Na kwa hizo tatu hasa, hakuna jaribio hata moja lililoonyesha moja kwa moja kwamba zinapata masi kutoka kwa Higgs! Tumethibitisha kwa topu, kwa b, kwa tau, chembe nzito zinazoishi kidogo na kupotea. Kwa elektroni mwingiliano ni mdogo kiasi kwamba Higgs kuvunjika kuwa elektroni na pacha wake wa antimata (mwenye chaji kinyume) inatarajiwa kutokea mara kama 5 katika kila bilioni. Tunaamini ni hivo kwa sababu mstari umeshika mpaka hapo ulipofika, na mimi pia naamini, ila kuamini kwamba mstari utaendelea sio sawa na kuupima.

Na nyutrino, zile chembe nyepesi mno zisizo na chaji, ndo kabisa. Nadharia ya awali ilizipa masi sifuri, kisha mwaka 1998 kigunduzi cha Super-Kamiokande kule Japani kikaonyesha zinabadilika aina zikiwa njiani, kitu ambacho hakiwezekani bila masi, na Takaaki Kajita na Arthur McDonald wakapata Nobel 2015 kwa kazi hiyo. Masi zenyewe ni ndogo mno, jaribio la KATRIN kule Ujerumani limeshaonyesha kwamba ni chini ya sehemu 1 kati ya milioni ya masi ya elektroni. Je, zinaipata kwa Higgs kama wengine, kwa namba ya mwingiliano ndogo kupita maelezo, au kwa njia nyingine kabisa ambamo nyutrino ni pacha wa antimata wa yenyewe? Hakuna anayejua.

Haya yote yana gharama na hapo ubishi unakuwa wa pesa. CERN wanafikiria mashine mpya ya mzunguko wa kilomita 91, LHC ya sasa ni kilomita 27, na hatua yake ya kwanza inakadiriwa kugharimu karibu faranga za Uswisi bilioni 15. Wanaopinga wanasema kipindi cha kutafuta Higgs tulikuwa na uhakika kwamba kitu fulani lazima kitaonekana, safari hii hakuna ahadi kama hiyo, na wanakumbusha Marekani ilivyochimba handaki la mashine kama hiyo Texas ikatumia dola zipatazo bilioni 2 kisha bunge likalifuta mwaka 1993. Hoja ya kwamba hakuna ahadi ni ya kweli na watetezi wangefanya vizuri kuikubali wazi badala ya kuahidi chembe mpya ambazo hawana uhakika nazo.

Ila kama hoja yangu ya hapo juu imeeleweka, basi sababu ya kujenga haihitaji chembe mpya. Mashine ya kutengeneza Higgs kwa wingi na kwa usafi inaweza kuupima ule mstari kwa ukali ambao LHC haiwezi, na kuna mpango wa kuiendesha kwa muda kwenye GeV 125 kamili ili kujaribu kugusa mwingiliano wa elektroni na Higgs. Hiyo ndo namba inayoamua ukubwa wa kila atomi na hatujawahi kuipima kwa njia hiyo. Kwa watu wetu wa Afrika Mashariki hili haliko mbali kama linavyoonekana, Salam yuleyule aliyelitumia wazo la Higgs ndo aliyeanzisha kituo cha ICTP kule Trieste mwaka huohuo wa 1964 kwa ajili ya wanafizikia wa nchi maskini, na tangu 2018 kituo hicho kina tawi Kigali ambako kijana anaweza kusoma mambo haya kwa kiwango cha juu bila kupanda ndege ya Ulaya.

Ningeulizwa nipange vipaumbele, ningeitanguliza LHC iliyoboreshwa inayotarajiwa kuanza kazi mwaka 2030, kabla ya kusaini handaki jipya. Itatafuta matukio ambamo Higgs mbili zinazaliwa kwa mpigo, adimu zaidi ya mara 1000 kuliko Higgs moja, na kupitia hayo tutaanza kujua kama uga wa Higgs unaingiliana na wenyewe kwa nguvu ambayo nadharia inataka. Kipimo hicho ndo kinachogusa umbo la uga wenyewe, yani kwa nini ulitulia kwenye 246 na sio kwenye sifuri. Kikikubaliana na nadharia, wa upande wa "maelezo nusu" tutabaki na yale maswali ya namba tisa na nyutrino. Kikikataa hata kwa asilimia 30, handaki la kilomita 91 halitahitaji mtu wa kulitetea.